Uzi Juu ya Tufe

"Usiniambie! Shangazi, nakuomba, usiniambie!" Kereng'ende alipiga kelele kwenye simu huku ameziba sikio la pili, kana kwamba jibu lingepenyea huko.

Shangazi yake alikuwa kwenye kiwanja cha ndege cha jiji la mbali anakosomea udaktari, akisubiri kupanda ndege ya kurudi nyumbani. Akacheka. "Mtoto wewe! Muda wa safari umeandikwa kwenye tiketi. Nikusomee tu."

"Mwalimu amekataza! Tunapima wenyewe."

Mama, pasi mkononi, akatikisa kichwa. Binti yake alibandikwa jina la Kereng'ende kwa kupenda kila kirukacho, na safari hii alikuwa amezama kabisa. Mwalimu wa jiografia aliuliza darasa zima: ndege ya shangazi itakaa angani muda gani? Atakayeukaribia ukweli angepelekwa juu ya mnara wa kuongozea ndege. Nafasi moja tu!

Mchana ule Profesa, mvulana bingwa wa hesabu, aliweka rula kwenye ramani ya ukutani, akagawanya kwa mwendo wa ndege, akatangaza, "Saa kumi na nne!" Wote wakanakili. Bendera hufuata upepo.

Kereng'ende yeye alilishusha tufe la dunia kutoka juu ya kabati, lilikogeuzwa mahali pa kuwekea kofia ya mwalimu. Akalipangusa vumbi, akanyoosha uzi kutoka jiji hadi jiji. Ajabu! Uzi ulikataa kukaa katikati ya bahari. Kila alipoukaza, uliteleza kuelekea kwenye barafu ya ncha ya dunia, ukazidi kuwa mfupi. Akapiga hesabu: saa kumi na moja.

"Barafuni?" Profesa akaangua kicheko. "Kwani shangazi yako anaenda kuteleza na pengwini?"

Darasa likavunjika mbavu. Kalamu ya Kereng'ende ikasita. Aandike kumi na nne, yaishe? Akapima tena. Uzi ukateleza palepale. Akaandika kumi na moja.

Na ndiyo maana jioni ile aliziba sikio.

Asubuhi, katikati ya somo, simu ya mwalimu ikalia, kama shangazi alivyoahidi. Mwalimu akafungulia spika.

"Tumetua salama!" ilisema sauti ya shangazi. "Tumekaa angani saa kumi na moja na dakika chache. Na chini yetu, jamani, barafu tupu, mpaka macho yanauma! Halafu huyo mtoto, mwalimu, alikataa katakata nimsomee tiketi."

Weee! Madawati yalipigwa kama ngoma. Kereng'ende alirukaruka mpaka kiatu kikamvuka. Profesa akachukua uzi, akapima mwenyewe, uzi ukateleza. "Haya, pengwini wameshinda," akasema, akampa mkono.

Mwalimu akaitundika kofia yake ukutani, si juu ya tufe tena. "Karatasi ni bapa, dunia ni mviringo, ndiyo maana uzi uliona njia fupi. Lakini tufe hili lilikuwa hapa kwa ajili yenu nyote. Mlinakili, mwenzenu alipima, akachekwa, wala hakuiba jibu. Ukifanya kazi yako kwa haki, isimamie hata ukibaki peke yako."

Jioni, akitoka mnarani, Kereng'ende alimkuta shangazi nyumbani, amejitupa kwenye kochi na viatu vyake. Akamrukia. "Mnara mzima vioo, shangazi! Nimeona ndege inatua chini yangu! Sasa wewe, barafu ilikuwaje?"

Shangazi akapiga mwayo, akamvuta kifuani. "Rubani alituamsha wote tukatazame dirishani. Tulichokiona... kesho, mama, kabla hata ya chai, nitakwambia chote."