Njia ya Posta ya Zamani

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mama yake hajakaa kwenye cherehani, Najua alifagia vipande vya nyuzi na kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Chumba cha ushonaji kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya barabara yenye magari mengi. Najua halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu hapakuwa na swali lililomshinda. Akiulizwa urefu wa mto asioujua, alitoa tarakimu. Akiulizwa ndege inayopita angani inakwenda wapi, alitaja mji. Neno "sijui" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi hiyo cherehani ya ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo ili nyuzi zisifumuke, ilikuwa imekwama tangu jana yake. Sare za kwaya ya shule zilikuwa thelathini na mbili, tisa bado hazijafungwa kingo, na mwalimu wa kwaya angezifuata saa kumi jioni. Mashindano yalikuwa kesho yake. Fundi wa cherehani aliahidi kufika saa tatu. Mama alimtuma Najua akanunue vifungo, akamwonya asikawie.

Karibu na duka la vifungo alisimamishwa na watu wawili asiowafahamu: mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na mama mnene aliyebeba sanduku la chuma begani kana kwamba ni mto wa kulalia. Mzee alimsalimu, akaeleza kwamba simu yake imezima, kisha akauliza posta ya zamani iko wapi.

Najua alitazama mawingu kidogo. Posta aliijua moja tu, mpya, ng'ambo ya mzunguko. Akaona ya zamani haiwezi kuwa mbali na mwenzake.

"Najua, babu. Nendeni moja kwa moja hadi kwenye mzunguko, mkate kushoto, mpite kituo cha mafuta. Mtaiona."

Wakamshukuru, wakaondoka. Najua akanunua vifungo, akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyetenda wema.

Saa tatu ikapita, saa nne, saa sita. Mama alipiga simu ya fundi, haikupatikana. Akajaribu kufunga kingo kwa mkono. Sare moja ilimla saa nzima. Hakulalamika, na kwake hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Saa saba na nusu hatua nzito zikasikika ngazini. Najua akachungulia, akaona kwanza sanduku la chuma, kisha miwani. Akajipenyeza upesi kati ya sare zilizotundikwa, akatulia tuli.

Fundi alikuwa amefura. Alisema yeye na mkewe wametembea tangu asubuhi hadi muuza magazeti mmoja alipowahurumia na kuwaleta. Kabla ya hapo, mlinzi wa posta mpya alikuwa amewapeleka chuo cha udereva, na huko, hata hawajauliza kitu, mkewe akapewa fomu ya kujaza na kupangwa foleni ya kupimwa macho.

"Nikafaulu," mkewe akaongeza, akitua sanduku.

"Mama," fundi akaendelea, "mtu asiyeweza kueleza anakokaa asiite watu. Nina mteja mwingine saa nane. Nimepanda ngazi kukuambia hilo tu."

Mama alieleza kwa upole kwamba jengo hili ndilo posta ya zamani. Watu wazima wote wa mtaa waliliita hivyo, ingawa posta yenyewe ilihama kabla bintiye hajazaliwa. Fundi alitikisa kichwa, akainama kulichukua sanduku.

Humo kwenye sare Najua alipiga hesabu. Akinyamaza, hakuna atakayemjua, lakini fundi ataondoka na lawama itabaki kwa mama. Akatoka, mkono wa sare ukiwa umemzunguka shingoni.

"Babu, mama hakukosea. Mimi ndiye niliyewaelekeza. Njia sikuijua. Nilibuni."

Fundi akavaa miwani, akamkagua kama cherehani iliyoharibiwa na fundi mwingine.

"Nilikuambia," mkewe akasema. "Anayejua njia haanzi kwa kutazama mawingu. Haya, fungua sanduku. Mteja wako wa saa nane ni kaka yako, na cherehani yake anatundikia suruali. Atangoja."

Kazi ilichukua nusu saa: donge la nyuzi likatolewa, sindano iliyopinda ikabadilishwa. Najua alishika tochi. Fundi alipomuuliza ilipo bisibisi ndogo, alifungua kinywa, akakifunga, kisha akasema, "Sijui, babu. Ngoja niitafute." Ilipatikana chini ya mkewe, aliyekuwa ameikalia.

Saa kumi mwalimu wa kwaya alihesabu sare thelathini na mbili, akaondoka akitabasamu. Mama alinyoosha mgongo, akamwita bintiye.

"Ulipotoka kwenye zile sare ulifanya vyema, nami nimefurahi," alisema. "Sasa sikiliza. Ungewaambia wale wazee hujui, wangemuuliza mtu wa pili na kufika saa tatu. Kutojua si kosa, mwanangu. Ila ukijifanya unajua, wanaotembea juani ni wenzako."