Aliyeitikia Jina la Kang'ethe

Asubuhi ile ya mwaka wa sitini na tisa, jina la Kang'ethe liliitikiwa mara mbili.

Mara ya kwanza aliitikia Ndung'u, mfanyakazi mwenzake, na hilo Mugure alilitarajia, maana yeye ndiye aliyemwomba. Mumewe Kang'ethe alikuwa amekata roho alfajiri. Kampuni iliyonunua lile shamba la maua ya pareto juu ya Molo ilikuwa imenunua na sheria za mzungu: mfanyakazi akifa, mjane na watoto watoke kwenye nyumba siku hiyohiyo. Mugure alitaka apate siku chache tu, hadi kaka yake afike kumchukua yeye na binti yake Njoki. Kuitikiana halikuwa jambo geni pale. Mtu akilemewa na pombe ya jana, mwenzake humjibia "Niko," na nyapara Ngigi, ambaye aliita majina huku akitazama viatu vyake, huendelea mbele. Ila maiti hakuna aliyewahi kumwitikia.

"Kang'ethe," Ngigi akaita.

"Niko," akasema Ndung'u, akiibadili sauti.

"Niko," ikasema sauti nyingine kutoka nyumba ya kukaushia maua, pale Kang'ethe alipozoea kuchochea moto.

Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Mugure hakucheka, kwa sababu sauti ile ndiyo iliyomposa. Alikimbia nyumbani, akamkuta Njoki ameketi kitandani anakula kiazi. Blanketi alilomfunika marehemu lilikuwa limekunjwa vizuri, jinsi Kang'ethe alivyolikunja kila siku akienda kazini.

"Baba ameamka," mtoto akasema. "Ananuka udongo."

Kule kwenye nyumba ya kukaushia, Kang'ethe alikuwa mbele ya moto, anasukuma kuni ndani kwa mikono mitupu, na ngozi ya vidole ilikuwa imeanza kukauka pamoja na maua. Baridi ya Molo mnaijua. Asubuhi kila kinywa hutoa mvuke. Kinywa chake hakikutoa kitu.

Kesho yake Ngigi aliita tena, maana asiyeitwa hapati posho. Aliposema "Ndung'u," kabla mwenyewe hajafumbua mdomo, sauti ya Kang'ethe ikamjibia: "Niko." Ndung'u akabaki ameachama, na mvuke wa pumzi yake ukapungua, ukapungua, mpaka ukaisha kama wa birika lililoepuliwa. Kisha akatembea, akaenda kusimama karibu na mwenzake na kuokota kuni. Siku iliyofuata ikawa Chepchirchir, mchumaji hodari kuliko wote. Hapo Ngigi akatoroka, na waliobaki wakawa wanaitana kwa kukonyezana. Mugure hakumlilia mumewe tena. Alikuwa na hofu moja tu, kwamba Kang'ethe alilijua jina la Njoki.

Walipoitwa wakubwa, alikuja Daktari Ratilal wa mifugo kutoka Nakuru, kwa kuwa daktari wa watu hakukubali, na sajini Kiplangat na askari wake. Mugure aliwapelekea chai, akawasikia wakinong'onezana kando ya gari.

"Nimedunga sindano, damu hakuna," Ratilal alisema. "Kisayansi hii kitu haiwezekani, sajini. Mwili bila pumzi ni jiko bila makaa. Hata ng'ombe ya kichaa bado iko hai. Ngoja wiki moja tu, itaoza yote."

"Na kijeshi ni kazi ya asubuhi moja," Kiplangat akasema. "Hawakimbii, hawana bunduki. Tunaweka seng'enge, tunapiga. Hawa vijana wangu wamepigana na shifta kule mpakani."

"Afande," Mugure akasema polepole, "tafadhali, usiwaite vijana wako majina hapa."

"Mama, jeshi bila kuitwa majina ni soko."

Wasomi wale hawakukosea, ukiyapima maneno yao. Shida ni kwamba walikuwa wakimpigia hesabu mtu, na kilichochochea moto ule hakikuwa mtu tena.

Risasi zilipigwa hadi ukungu ukanuka baruti, na Mugure, aliyelala kifudifudi na Njoki chini ya kifua chake, alisikia zikiingia katika ile miili kwa mlio wa fimbo inayopiga gunia, na baada ya kila mlio akasikia kuni zikiendelea kutupwa motoni, bila haraka, bila hata mmoja kugeuka. Sajini akawapanga vijana wake kuona nani yuko na nani amekimbia, akaanza kuita, na kila jina lililotoka kinywani mwake likajibiwa "Niko" kutoka kule kwenye moshi, na kila aliyejibiwa akaiweka bunduki chini taratibu na kuondoka mstarini, mpaka daktari, ambaye alitaka tu kumwokoa mwenzake, akapiga kelele kutoka garini, "Kiplangat, kimbia!" na hilo nalo likaitikiwa.

Kaka yake Mugure alifika jioni, pamoja na maalim mmoja kutoka Bondeni, Nakuru, aliyejua mambo ya majini. Maalim hakuvuka seng'enge.

"Haya si maradhi," alinong'ona. "Mlikuwa na nyumba tupu, mkatangaza kwamba mwenyewe yumo. Jini akasikia, akaingia. Aliyeomba uongo ule na aukane palepale uliposemwa."

Mugure akasimama uwanjani, pale majina yalipoitwa. "Kang'ethe hayuko," akasema. "Kang'ethe amekufa."

Kang'ethe akaanguka, na uvundo wa siku zote zile ukafika mara moja. Lakini Ndung'u, Chepchirchir, sajini na askari waliendelea kuchochea moto. Ikabidi Mugure awataje mmoja mmoja kwa maneno hayohayo, na kila aliyemtaja akaanguka asiamke tena.

"Miili tumemnyang'anya jini," maalim akasema. "Sauti sijaiona ikitoka. Mtoto huyu msimwite jina lake."

Mugure akawa yaya mjini Nakuru, mtaa wa Milimani, kwa mama mmoja aitwaye Leela, na miaka yote alimwita binti yake "wewe" na "mama." Shule ilipokuwa haiepukiki tena, alimsihi mwalimu amtazame tu asimwite, naye, mtu mwema, akakubali. Lakini asubuhi ya kwanza mwalimu huyo aliugua, akaingia mwingine. Mugure alikuwa dirishani aliposikia.

"Njoki Kang'ethe."

"Niko," ikasema sauti ya mwanamume nyuma ya darasa.

Njoki alikimbilia dirishani, akabandika uso kwenye kioo akimtafuta mama yake, na pumzi yake ikachora ukungu mdogo pale, kisha mdogo zaidi. Mugure alijua maneno ya kumtoa jini, yaleyale yaliyowaangusha wengine wasiamke. Hakujua mengine. Akaufunga mdomo wake kwa mikono yote miwili, na kioo kikang'aa bila ukungu wowote.