Barua Ilisema Si Lazima

Laddie Kubat na mkewe Rosalie wana shamba la mahindi na ng'ombe thelathini karibu na Kijito cha Beran. Nyumba yao ni ya mbao, imepakwa rangi nyeupe, na chini yake kuna chumba kilichochimbwa ardhini. Humo limo tanuri la kupasha nyumba joto. Humo pia Rosalie huweka chupa zake za matango ya siki, na Laddie huweka kodiani anayoipiga kwenye harusi. Kijito kiko ng'ambo ya barabara. Wakati wa joto ng'ombe hukivuka bila kulowa tumbo.

Nyumba hiyo waliinunua kwa mkopo wa benki, wakaulipa miaka ishirini na mitano. Septemba walimaliza. Kwetu huku mtu akimaliza deni la nyumba huwaita watu, akachoma karatasi ya deni mbele yao, kisha watu wakala. Laddie aliichoma yake ndani ya ndoo ya bati. Tulikula bata wa kuoka na kabichi, naye akapiga kodiani mpaka mkewe akamwomba apumzike.

Wiki hiyo benki ilikuwa imewaletea barua mbili. Ya kwanza ilisema deni limekwisha. Ya pili ilisema kwamba kwa kuwa hawana deni tena, si lazima kwao kukata bima ya mafuriko. Laddie aliisoma mara moja tu akafurahi. Miaka yote ile alikuwa akiilipa bima hiyo kwa kunung'unika, kwa sababu benki ilimlazimisha. Kila mwaka ilimla bei ya ndama mmoja. Oktoba mkataba ulipokwisha, hakulipa. Rosalie alimuuliza kama ana hakika. Alijibu kwamba barua imesema si lazima, na asiyeamini aisome mwenyewe.

Mwishoni mwa Januari Laddie alikwenda ofisi za kaunti kulipia namba za gari lake. Kaunti yetu ni ndogo, na mfanyakazi mmoja hufanya kazi za watatu. Ardith Pelan, binamu yake Rosalie, hutoa vibali vya kujenga, husimamia majina ya barabara, na hutunza ramani za mafuriko. Alimwona Laddie kwenye korido akamwita ndani.

"Shemeji, nasikia umeiacha bima ya mafuriko."

"Nani kakwambia?"

"Anayekupikia."

Laddie akavua kofia, akakaa. "Barua ya benki imesema si lazima."

"Imesema si lazima. Haikusema hakuna hatari," Ardith alisema. "Benki ilikulazimisha kwa sababu iliogopea pesa zake. Sasa umezilipa zote. Nyumba ikiharibiwa na maji kesho, benki haipotezi hata msumari. Nani atapoteza?"

 Laddie alisema anayo bima ya nyumba ya kawaida, nayo inamtosha. Ardith akamweleza kwamba bima ile hulipa upepo ukiezua paa, moto ukizuka, au mvua ya mawe ikivunja madirisha. Maji yaliyofurika kutoka mtoni, yakapita juu ya ardhi na kuingia nyumbani, hayamo kabisa. Hayo yana bima yake peke yake. Laddie akasema basi serikali itasaidia. Ardith akamwambia kwamba msaada hutoka pale tu janga linapotangazwa kuwa kubwa, hautoshi kujenga nyumba, na mara nyingi huja kama mkopo. Neno mkopo Laddie hakutaka kulisikia tena. Ana miaka sitini na sita.

Alibaki na hoja moja, na hii aliiamini kwa moyo wote. Mafuriko makubwa yalikuja alipokuwa kijana. Wazee waliyaita mafuriko ya miaka mia. Kwa hesabu yake, yanayofuata hayatamkuta hai.

"Shemeji, wewe unacheza karata kila Alhamisi," Ardith alisema. "Ukigawiwa ree ya shupaza leo, mkono unaofuata haiji kwako?"

"Inaweza kuja. Karata zimechanganywa upya."

"Basi na mto unachanganya upya kila mwaka. Mafuriko ya miaka mia maana yake ni kwamba kila mwaka una nafasi moja katika mia ya kuyapata. Mwaka huu moja katika mia. Mwakani moja katika mia, hata kama mwaka huu yamekuja. Ukikaa miaka thelathini kwenye nyumba hiyo, nafasi ya kuyapata angalau mara moja ni kama moja kati ya nne."

 Moja kati ya nne Laddie anaijua. Mchezaji wa karata haidharau.

Ardith akatandaza ramani mezani. Sehemu ya rangi ya buluu ilikuwa eneo la mafuriko. Nyumba ya Kubat ilikuwa katikati yake. Nyumba ya jirani yao, Denny Zoubek, ilikuwa hatua chache nje ya mstari. Ardith alisema hata Denny anaweza kukata bima, kwa sababu mstari umechorwa na watu na maji hayakuulizwa. Alikuwa amemwambia hivyo Denny mara mbili. Denny alicheka.

Laddie akasema sawa, atakata, ila atangoja Machi aone kijito kinaelekea wapi.

"Ukingoja, umechelewa. Bima mpya huanza kufanya kazi baada ya siku thelathini. Hawaruhusu mtu akate bima huku anayaona maji dirishani. Na wewe unajua ardhi ilivyo sasa. Imeganda kama sakafu ya saruji. Mvua ikinyesha juu yake, itakwenda wapi?"

Tarehe nne Februari Laddie alikata bima. Wakala wa bima aliwaeleza kwamba nyumba ina sehemu yake na vitu vya ndani vina sehemu yake, kwa hiyo wakachukua zote mbili. Aliwaeleza pia jambo ambalo wengi hawalijui. Katika chumba cha chini bima hulipa tanuri na boksi la umeme, lakini hailipi makochi, mazulia wala vitu vingi vilivyohifadhiwa humo. Jioni hiyo Rosalie alipanga chupa zake za matango chumbani ghorofani, karibu na kitanda cha wageni. Kodiani ikapandishwa pia. Kisha akapiga picha kila chumba, mpaka ndani ya makabati. Laddie alimtania kwamba anapiga picha soksi.

Siku ya kumi na sita ya kungoja, joto lilipanda ghafla. Barafu ya kijito ikaanza kulia na maji yakapanda hadi ukingo wa barabara. Laddie, aliyekuwa akiinung'unikia bima, sasa alikwenda darajani mara tatu kwa siku. Akirudi, Rosalie alimuuliza kijito kinasemaje. Laddie alisema kinasema kitangoja kidogo. Baridi ikarudi, maji yakashuka. Bima ilianza tarehe sita Machi, na usiku huo Laddie alilala kabla mkewe hajazima taa.

Tarehe kumi na nne mvua ilinyesha siku nzima juu ya theluji na ardhi iliyoganda. Barafu ilivunjika mabamba makubwa kama milango ya ghala, yakaziba daraja. Kijito kikakosa njia, kikaja shambani. Laddie na Denny waliwapandisha ng'ombe kilimani kwa trekta na kelele. Ndama wanne hawakufika. Bima ya mafuriko ya nyumba hailipi mifugo, na Laddie aliwalilia wale ndama bila kujificha.

Sisi tulitazama kutoka kilimani. Maji yalijaza chumba cha chini, kisha yakapanda sebuleni hadi magotini. Mstari wa kwenye ramani hayakuuona. Nyumba ya Denny iliingia maji sawasawa na ya Kubat.

Maji yalipotoka, mkaguzi wa bima alikuja na viatu vya mpira. Alipima alama ya maji ukutani. Rosalie akampa picha zake, vyumba vyote, na mkaguzi akasema hajapata kurahisishiwa kazi namna hiyo. Walianza kubomoa kuta zilizolowa. Tulikwenda kuwasaidia. Tulikwenda kwa Denny pia, lakini kwake hapakuwa na wa kulipia mbao. Msaada aliopewa ulitosha tanuri tu. Mwezi wa Mei alihamia kwa binti yake mjini, na nyumba yake ipo wazi mpaka sasa. Inaniuma kupita pale.

Hundi ya bima iliwakuta Laddie na Rosalie kwa dada yake Rosalie, walikokuwa wakilala. Laddie aliisoma upande wa mbele, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Unatafuta nini?" Rosalie alimuuliza.

"Jina la benki."

Zamani, mvua ya mawe ilipoharibu paa, hundi ilikuja na majina matatu, la benki likiwamo kwa sababu ya deni, na iliwabidi wangoje wiki tano mpaka benki itie sahihi. Safari hii majina yalikuwa mawili.

Rosalie alitia sahihi. Laddie alitia sahihi chini yake, polepole, kwa herufi kubwa. Hakukuwa na wa tatu wa kungojwa. Alasiri hiyo walikwenda kununua mbao.