Kompyuta ya Kartoni

Honi ilipolia langoni, Mama Pacha alikuwa ameinamia beseni la nguo, mikono imejaa povu na moyo umejaa hasira. Hasira yenyewe ilikuwa ya suruali ya mumewe, iliyoingia grisi mpaka ndani ya mifuko. Akaitika bila kugeuka, kama alivyoitika kwa miaka kumi na sita:

"Karibu!"

Mumewe, Dereva, hakuwa na hodi nyingine. Akirudi na lori alipiga honi mbili fupi, mkewe akaitika huko huko aliko, kisha akaenda kufungua lango. Siku hiyo honi zilikuwa mbili fupi na moja ndefu, kama ya mtu aliyeulalia usukani. Mama Pacha alipofungua lango alilikuta lori pale pale lilipoegeshwa tangu adhuhuri. Injini imezimwa, kiti kitupu. Dereva alikuwa chumbani anakoroma.

"Waya zimegusana," alijiambia, akarudi kwenye beseni lake. Mwenye pacha wa miaka kumi na minne hana muda wa kutafuta majini kila kona.

Lori lilikuwa kuukuu, na lilikuwa limelala wiki tatu. Kompyuta yake, kile kisanduku cha bati kama daftari kinachoiamuru injini inywe mafuta lini na kiasi gani, kiliingia maji kikaoza. Lori likilala, nyumba nzima inalala nalo. Ndipo Kartoni, mdogo wake Dereva, alipoleta kompyuta nyingine. Jina hilo alilipata kwa sababu kila alichouza, hata kiatu kilicholika kisigino, aliapa kuwa kimetoka kwenye kartoni. Fundi umeme, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alichomeka plagi na kuwasha. Injini ikaitika mara moja. Wakapiga makofi.

Hiyo ilikuwa asubuhi. Honi ililia alasiri ya siku ile ile.

Jioni chumba kilinuka udongo mbichi na mpira ulioungua. Mama Pacha alipiga deki mara mbili. Harufu haikuwa sakafuni. Ilikuwa kwenye nywele za mumewe.

Kesho yake Dereva alijikwaa kwenye kizingiti alichokijenga mwenyewe, akakiangalia kama kitu kigeni. Akala, akanawa, akamtazama mkewe kwa macho ya upole yaliyomchukiza.

"Nimechelewa, bibi harusi wangu," alisema. "Kona ile ina utelezi."

"Bibi harusi?" Mama Pacha alicheka kwa ghadhabu. "Hata siku ya harusi hukuniita hivyo. Umekunywa nini?"

Dereva aliinuka. Akaenda kukaa ndani ya lori, mlango wazi, mikono kwenye usukani, mpaka pacha walipomvuta shati wakamrudisha ndani. "Mama," alinong'ona mmoja wao, "baba ametuuliza sisi ni watoto wa nani."

Siku ya tatu, saa kumi alasiri, injini ilinguruma bila kuwashwa. Mama Pacha alitoka mbio na mwiko mkononi. Dereva alikuwa kwenye kiti, nyayo zake mbili zimetulia sakafuni mbali na pedeli zote, funguo zinaning'inia kwenye msumari wa sebuleni, na bado injini ilizidi kupanda sauti, ikalia kama mnyama anayeshikwa koo, moshi mweusi ukafunika ua na nguo zilizoanikwa, na usukani ukawa unajizungusha kushoto, kushoto, kushoto, kana kwamba palikuwa na kona pale uani ambayo jicho la mtu aliye hai haliioni, huku mumewe akiurudisha kulia kwa nguvu zote, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yanamchuruzika, na kinywani mwake inatoka sauti ya kijana ambayo Mama Pacha hajawahi kuisikia, ikisema, "Bado sijafika, bado sijafika, nifungulie, bado sijafika."

Mwiko ulimponyoka. Kisha hasira ikamrudia, na safari hii ilimfaa. Alinyakua spana namba kumi na tatu chini ya kiti, akazunguka kwenye betri, akalegeza nati, akachomoa waya. Injini haikuzima. Ilinguruma bila betri, bila funguo, akahesabu mpaka tisa. Kisha honi: mbili fupi, moja ndefu. Kimya.

Fundi umeme alifika na mashine yake ya kupimia, akaurudisha waya wa betri kwa tahadhari.

"Bibi yangu naye alikuwa fundi," alisema huku akichomeka waya chini ya dashibodi. "Fundi wa majini. Mtu akipandwa, bibi haanzi na ubani. Anaanza na swali: wewe nani? Unataka nini? Na mimi ndiyo kazi yangu, naiuliza kompyuta jina."

Kioo cha mashine kikaandika namba ya chesisi. Mama Pacha akaenda kuisoma iliyogongwa kwenye chuma cha lori, akarudi.

"Siyo yetu."

"Siyo yenu. Kompyuta mpya haina kumbukumbu, unaifundisha lori lake. Iliyotumika unaifuta kwanza ndipo unaifunga. Kartoni aliniapia ni mpya. Ilipoitika bila kufundishwa nilifurahi, mjinga mimi." Alishusha sauti. "Tazama mwisho wa kumbukumbu yake. Saa kumi na dakika saba, breki imekanyagwa mpaka chini, mwendo haupungui. Baada ya hapo hakuna kitu."

Kartoni aliitwa, akaja anatafuna mshikaki.

"Umeitoa wapi?" aliuliza Mama Pacha.

"Shemeji, si nilisema, kwenye kar—"

Kofi lilimkatiza neno, mshikaki ukaruka mpaka kwenye beseni.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa wauza vyuma chakavu," alisema Kartoni, ameshika shavu. "Lori lilianguka konani. Kijana alibanwa ndani mpaka kesho yake, walipokuja kukata chuma. Alikuwa ameoa wiki ile, wanasema. Lakini kompyuta ilikuwa nzima, shemeji! Kitu kizima ni kizima!"

"Ulijua."

"Nilijua ni nzima."

"Kaka yako yumo ndani hajui wanawe! Ulijua!"

Fundi alimsogeza Mama Pacha pembeni, nyuma ya tairi. "Sikiliza, mwenzangu. Huyu anatafuta kwake. Kisanduku kisiingie nyumba ya mtu, kirudi kule kilikotoka leo leo. Na honi ile ikilia popote, asiitike mtu. Wewe, kwa ulivyonisimulia, ulimkaribisha, ndiyo maana akaingia. Mwambie shemeji yako vizuri. Mimi hatanisikia, wewe anakuogopa."

Mama Pacha alitikisa kichwa kukubali. Akamsimamia Kartoni mpaka alipofungua skrubu zote nne kwa mkono wake mwenyewe. Kisanduku kilipochomoka kilikuwa na baridi ya chuma cha kisimani, wakati jua lilikuwa linawaka. Kartoni alikifunga kwenye shati lake.

"Nikipeleke wapi, shemeji?"

Maneno ya Fundi yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Mama Pacha alimtazama shavu lililovimba, akatazama mlango wa chumba alimolala mumewe, akayameza.

"Popote. Nisikione, nisikuone."

Kabla ya magharibi Dereva aliamka, akapitia mlangoni, akakiruka kizingiti bila kukitazama.

"Mama Pacha! Nani kachezea betri yangu?"

Alitamani kulia. Badala yake alimrushia suruali. "Hiyo fua mwenyewe."

Siku mbili zilipita kwa amani. Lori lililala uani bila ubongo, na Mama Pacha hakulalamika. Siku ya tatu, saa kumi na dakika chache, simu iliita. Alikuwa mke wa Kartoni, binti mdogo, aliyeolewa mwezi uliopita tu.

"Dada, shikamoo. Samahani kukusumbua. Kuna kitu cha ajabu huku. Honi imelia mlangoni, mbili fupi na moja ndefu, nimechungulia hakuna gari. Na hapa kwetu gari halipiti, ni uchochoro."

Mama Pacha alisimama. Maji ya nguo yakamchuruzika miguuni.

"Mume wako aliweka wapi kile kisanduku?"

"Kipo hapa, chini ya kitanda. Anasema kuna mteja."

"Usiitike. Unanisikia? Honi hiyo usiiitike!"

"Nimeshaitika, dada. Mtu anaachwaje mlangoni?"

Nyuma yake mwanamume alisema jambo, taratibu. Binti akacheka, cheko la aibu, akauziba mdomo wa simu, kisha akarudi.

"Haya dada, nakuacha, mume wangu ndiyo ameamka. Leo sijui kapatwa na nini," alinong'ona kwa furaha. "Ananiita bibi harusi."