Kikapu cha Mzee Gatera

Kila alasiri, akitoka shuleni, Gaju aliketi kando ya cherehani ya shangazi yake Zaituni, pale Rwezamenyo, Kigali, akiokota vipande vya kitambaa. Wateja waliingia na kutoka. Shangazi alipomwita, alichelewa kuitika, maana mawazo yake yote yalikuwa Masaka.

Alipakumbuka nyumbani hadi akakosa hamu ya kula. Alitamani harufu ya maharage yakichemka kwenye kuni, na zaidi ya yote aliutamani mparachichi alioupanda marehemu baba yake. Mwaka huo wa 1991 ulikuwa umezaa kwa mara ya kwanza. Lakini Mzee Gatera, mwenye shamba walilokaa, alikuwa amefariki. Mwanawe alirudi kutoka Bujumbura, akawakuta Gaju na mama yake pale, akawaamuru wahame bila hata kuketi wazungumze. Sasa walibanana chumbani kwa shangazi.

Shangazi Zaituni si mtu wa kukata tamaa. Alisikia kwamba mtu akikaa kwenye ardhi miaka mingi kana kwamba ni yake, bila kuulizwa, sheria inaweza kumpa. Kilichobaki ni kupata avoka, yaani wakili, na mawakili Kigali walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Waliulizia msikitini, wakaulizia sokoni, mwishowe wakaelekezwa Gikondo, kwa Wakili Jean-Berchmans, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya gereji.

Njiani shangazi alimwonya Gaju asitaje kikapu. Kila mavuno, mama alimtuma Gaju kwa Mzee Gatera na kikapu cha viazi vitamu, aseme asante kwa shamba.

Wakili aliwasikiliza huku nyundo zikigonga mabati huko chini. Kisha akauliza, "Mliwahi kumpa mwenye shamba chochote, kuonyesha kuwa ni lake?"

Mama aliinamisha kichwa. Shangazi akajibu haraka kwamba hapana.

Gaju alimtazama shangazi. Aliitaka Masaka kwa moyo wake wote, na neno moja lingeweza kumpotezea. Lakini alimkumbuka Mzee Gatera akipokea kikapu kwa mikono miwili na kumuuliza habari za shule.

"Tulimpelekea kikapu," alisema. "Mimi ndiye niliyekibeba." Kisha akalia.

Shangazi alishika kichwa. Wakili akaweka kalamu chini, akaeleza kwamba basi dai lao haliwezi kusimama. Walikaa kwa ruhusa, na anayekaa kwa ruhusa hawi mwenye shamba. "Lakini ruhusa nayo ina uzito," akaongeza. "Huyo mwana wa mzee anajua kuwa baba yake aliitoa?"

Hakuna aliyewahi kumwambia.

Jumapili wakaenda wote kwa Gatera mdogo. Mama alikiweka kikapu magotini, kile kile chenye ukingo ulioshonwa kwa uzi mwekundu. Gatera alikitazama kwa muda mrefu.

"Hii kikapu naijua," alisema. "Nikikuja likizo nilikula hizo viazi. Mimi watu waliniambia mnataka kuninyang'anya shamba ya baba."

"Shamba ni lenu, mwanangu," mama alijibu. "Sisi tunaomba kukaa tu."

Walikubaliana. Gatera angejenga sehemu ya juu, karibu na barabara; nyumba na sehemu ya chini Gaju na mama yake wangebaki nazo. Wakili aliandika mapatano, pande zote zikatia sahihi.

Walipofika Masaka, Gaju alikimbilia mparachichi. Alichuma tunda la kwanza, akalinusa, akaliweka ndani ya kikapu.

"Hulili? Si umelililia siku zote hizi?" shangazi alimuuliza.

"La kwanza ni la Gatera."

Shangazi alimwinamia. "Nilitaka tupate shamba kwa kumkana mzee aliyetupa pa kukaa," alisema. "Usiniige katika hilo, mwanangu. Tungeushikilia uongo wangu, Gatera angekuwa adui yetu mpaka leo. Ukweli wako ndio uliotufungulia mlango."

Mama alikifunika kikapu kwa jani la mgomba, akampa Gaju akibebe.