Kadi za Harusi ya Mouzaoir

"Bwana harusi anaitwa nani?" Kalathoumi aliuliza kutoka matbaani Moroni, simu begani, penseli mkononi.

"Mouzaoir bin Soidri, wa forodha hapa Mutsamudu. Bibi harusi ni mpwa wangu, Bahia binti Mbaé. Tumia zile herufi zenu za madaha, binti yangu, zenye mikia."

"Zipo, mzee."

"Hebu nisomee nisikie."

Akamsomea jina la mume wake mwenyewe, pole pole, bila kukosea.

Herufi zile za kuchapia, za madini ya risasi, zilikuwa za kadi za harusi tu, zimelala na kujikunja kama mwandiko wa mtu asiye na haraka. Serikali ya mapinduzi ilipopiga marufuku harusi kubwa za kimila, kwa gharama zake, Hamidou mwenye matbaa alizifungia kabatini. Miaka hiyohiyo Mouzaoir alimwoa Kalathoumi kwa fatiha na kahawa, nyumbani kwa mama mkwe wake Ikoni, karibu na Moroni. Kisha wakaja mamluki wa Kizungu, serikali ikaanguka, harusi kubwa zikarudi na herufi zikatolewa kabatini.

Kalathoumi alizipanga na kuchapa kadi mchana kutwa. Moyo ulimuuma, tusidanganyane, lakini kazi haikuharibika. Akapiga simu forodhani.

"Mouzaoir, kadi zako tayari. Njoo Moroni uhakiki majina."

"Kadi gani?"

"Zako na Bahia."

Simu ikakatwa. Kesho yake Mouzaoir alishuka kwenye ndege ya kutoka Mutsamudu, moja kwa moja mpaka matbaani, shati limelowa jasho.

"Kala, nisikilize. Ni mila tu! Bila harusi kubwa na mwanamke wa mji wangu, kwetu sihesabiwi mtu."

"Soma kwanza. Kosa likipita hapa ni langu."

Akasoma.

"Zimependeza," aliropoka, kisha akajuta.

"Ungeniambia lini?"

"Baada ya harusi. Wewe ndiye nikupendaye, wallahi."

"Basi mpigie mjomba wake umwambie imevunjika. Au niandikie talaka."

"Hapa? Mbele ya Hamidou?"

"Atakuwa shahidi."

"Mila inaniruhusu kuwa nanyi nyote wawili!"

"Mila imekuruhusu. Mimi sikukuruhusu."

Akamsogezea simu. Mouzaoir aliinua mkono wa simu, akauweka sikioni muda mrefu bila kuzungusha namba hata moja. Kisha akaurudisha mahali pake. Hapo ndipo machozi yalipomtoka Kalathoumi, maana mpaka dakika ile alikuwa bado anatumaini, maskini.

Mouzaoir akachukua penseli, akaandika mistari miwili ya talaka. Kalathoumi akaisoma kama anavyosoma karatasi ya mteja yeyote.

"Umesahau tarehe."

Akaiandika. Hamidou alitia sahihi yake chini bila kumtazama yeyote. Kalathoumi akazifunga kadi vizuri kwa karatasi na kamba, akamkabidhi.

"Nguo zangu nitakuja Ikoni kuzichukua jioni," Mouzaoir alisema kwa sauti ya chini.

"Usisumbuke. Ziko kwenye teksi hapo nje. Nilizifunga asubuhi, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu nizirudishe nyumbani."