Nani Alichoma Bomba?

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Candiru alichukua jerikani mbili za njano akaenda kupanga foleni kwenye bomba la uani. Foleni yenyewe ilikuwa fupi, kwani bomba lilikuwa la nyumba nne tu. Nyumba hizo zilikuwa za Mzee Swaib, mwanajeshi mstaafu aliyetoka Koboko akaja kujenga Ombaci, pembeni mwa mji wa Arua. Kwa maneno, hata hivyo, foleni ile haikuwa fupi hata kidogo. Watu waligombania zamu, wakataniana, wakaulizana habari za wagonjwa, na harufu ya mandazi ikawapita puani bila huruma.

Mandazi hayo yalikuwa ya Mama Daniella, aliyevuka mpaka kutoka Kongo miaka sita iliyopita. Aliyakaanga hapo hapo uani, hatua chache kutoka kwenye bomba, juu ya sigiri yake ya makaa. Binti yake, Daniella, alikuwa na miaka kumi na miwili kama Candiru, na shuleni walikaa dawati moja. Andazi lililotoka limepinda halikuuzwa. Wawili hao waligawana njiani.

Jumatatu moja ilinyesha mvua ya mawe. Barafu zilipiga mabati kwa kishindo, ua ukageuka mweupe, na watoto wakakimbia kuziokota na kuzitia mdomoni. Jumanne asubuhi Candiru akafungua bomba. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Akalifungua mpaka mwisho, likanyamaza vilevile.

Cha ajabu ni kwamba ng'ambo ya barabara maji yalitoka kama kawaida.

"Wale watu ya ng'ambo wanakunywa maji yetu yote," alisema Mzee Swaib kwa hasira.

"Hapana, Mzee. Labda chura imeingia ndani," alisema Mama Daniella.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake, na hakuna aliyefikiria kuuliza. Wakati huo wote Candiru alikuwa akishuka bondeni kisimani na kupanda tena, mara mbili, kwa sababu mama yake, Norah, alikuwa na mtoto wa wiki sita na nepi hazikungoja. Siku hiyo alichelewa shule, akasimama mlangoni mwa darasa huku wenzake wakimcheka.

Alasiri, ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu ya mama yake. Ulitoka kwa Rosa Kiden, rafiki yake tangu walipokuwa wasichana Koboko, ambaye sasa anaishi Kanada.

"Norah, huku baridi iko mbaya!" sauti ya Rosa ilisema. "Maji ilikuwa barafu ndani ya bomba. Unafungua, kimya! Tulipigia watu ya mji simu. Wakakuja na kitu ya moto, wakapasha ile bomba, maji ikatoka! Lakini walisema..."

Hapo mtoto akaangua kilio. Norah akaiweka simu kando na kusema angesikiliza baadaye. Candiru alibaki ameduwaa. Unafungua, kimya! Si ndivyo lilivyokuwa bomba lao? Na barafu si ilikuwa imejaa uani jana tu? Ilikuwa imeingia ndani, bila shaka. Alishangaa watu wazima wote kushindwa kuona jambo lililo wazi kiasi hicho, na nikiri kwamba alijiona mwerevu kidogo.

Kesho yake mchana, wanafunzi walipotoka kwa chakula, Candiru alikimbia nyumbani. Mama yake alikuwa amempeleka mtoto kliniki kuchanjwa. Mama Daniella alikuwa ameenda sokoni kununua unga, na sigiri yake bado ilikuwa na makaa yenye moto. Candiru akayachota kwa kipande cha bati, akayasukuma nyuma ya bomba, kati ya bomba na ukuta, ili upepo usiyazime. Kisha akachuchumaa kusubiri barafu iyeyuke.

Bomba lilikuwa la plastiki. Kwanza ilikuja harufu mbaya, halafu likawa jeusi, halafu likalegea na kufanya tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Hakuna hata tone la maji lililotoka. Alirudisha makaa kwenye sigiri, akatupa bati, akarudi shule bila kula.

Walipotoka shule jioni, yeye na Daniella walisikia kelele kabla hawajafika. Maji yalikuwa yamerudi! Yalitoka kwa nguvu kwenye lile tundu, yakapiga ukuta, yakajaza ua. Watu walikuwa wakicheka na kulalamika kwa wakati mmoja, huku wakikinga masufuria. Candiru hakujua ashike lipi. Je, moto wake ulikuwa umefanya kazi, ila kwa kuchelewa? Alikuwa ameleta maji, au alikuwa ameharibu?

Mzee Swaib aliifunga koki iliyo karibu na mita, akainama kulitazama bomba, akainuka uso umekunjamana.

"Hii imechomwa na moto," alisema. "Na hapa nani iko na moto? Mama Daniella, ni wewe tu."

"Mzee, sigiri yangu iko kule, bomba iko huku!"

"Basi moto ilitembea na miguu?"

Watu wengine wakacheka. Mama Daniella hakucheka. Alitazama sigiri, akatazama bomba, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Nilitoka mbio kwenda soko," alisema polepole. "Labda nilimwaga makaa bila kuona. Miye sijue tena."

"Kesho utoe hiyo sigiri hapa kwangu," alisema Mzee Swaib. "Kaanga kwingine."

Kwingine wapi? Wateja wake wote walikuwa watu wa pale na wapita njia wa pale. Daniella akamshika mama yake mkono. Candiru alirudi nyuma ya watu. Hakuelewa. Mtu anawezaje kukiri jambo ambalo hakulifanya? Aliingia ndani, akaanza kukunja nepi ambazo hakuna aliyemwomba azikunje.

Alhamisi asubuhi, mapema, pikipiki ilisimama nje. Alishuka mwanamke kijana mwenye buti za mpira na mfuko wa vifaa. Alikuwa Sandra, fundi wa ofisi ya maji ya mji. Mzee Swaib ndiye aliyekuwa amempigia.

Mama Daniella alikuwa tayari anafunga sigiri yake kwa kamba. Daniella alisimama kando yake, macho yamemvimba.

Sandra alilichunguza bomba, akapitisha kidole kwenye tundu, akakuna kichwa.

"Mimi sielewi," alisema. "Nani alisema ni sigiri? Huku mbele, upande wa sigiri, bomba iko safi. Imechomwa nyuma, upande wa ukuta. Makaa ikimwagika haiwezi kujipenyeza huku. Hii mtu aliweka kwa mkono. Lakini kwa nini mtu achome bomba?"

Watu walitazamana, kila mmoja amechanganyikiwa kuliko mwenzake. Mama Daniella peke yake alitikisa kichwa.

"Fundi, usisumbuke," alisema kwa uchovu. "Ni miye. Kichwa yangu imekuwa mbaya siku hizi, nasahau bintu, hata makaa."

Candiru hakuweza kuvumilia tena.

"Si yeye!" alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni mimi. Nilikuwa nayeyusha barafu."

"Barafu?" aliuliza Mzee Swaib. "Barafu gani? Hapa Arua?"

Candiru akaeleza yote huku analia: mvua ya mawe, bomba kukaa kimya, ujumbe wa Rosa Kiden, makaa, bati. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, lakini Norah alimtupia jicho akaacha. Kisha Norah akatoa simu, na kwa mara ya kwanza wakausikiliza ujumbe mpaka mwisho.

"Lakini walisema," sauti ya Rosa iliendelea, "mtu asiweke moto mwenyewe, ataharibu bomba ama achome nyumba. Apige simu tu, wao watakuja."

Candiru alitamani ardhi immeze.

Sandra aliketi juu ya jerikani na kumwita karibu. "Sikia, mtoto. Kule kwa Rosa baridi inakaa miezi, ndiyo maji inakuwa barafu mpaka ndani ya bomba. Ya kwetu inayeyuka kabla ya chai kuchemka. Bomba yenu ilikauka kwa sababu mvua ile iliharibu mtaro, na mashine ya kuchimba mtaro ikakata bomba kubwa ya upande huu. Watu wa ng'ambo wako kwa laini ingine. Tulifunga maji Jumanne alfajiri, tukatengeneza, tukafungua jana mchana."

"Mbona hamkutuambia?" aliuliza Mzee Swaib.

"Tulitangaza kwa redio, Mzee. Lakini si kila mtu alisikia, na hiyo ni kosa yetu pia. Tungepita nyumba kwa nyumba." Sandra alimgeukia Norah. "Tulikuwa na gari ya maji kwa wagonjwa na wamama wenye watoto wachanga. Ingefika hapa, kama tungejua uko hapa. Namba ya simu imeandikwa kwa kifuniko cha mita. Siku mbili, hakuna mtu hata mmoja wa hapa alipiga, mpaka bomba ikatoboka."

Wakubwa wote wakakitazama kifuniko cha mita, kila mmoja kwa aibu yake.

Sandra akalikata bomba lililoungua. Candiru ndiye aliyeshika kipande kipya mpaka kikaunganishwa, na Daniella akaja kushika upande wa pili bila kuitwa. Mzee Swaib alisimama kidogo, akakohoa, kisha akaenda mwenyewe kufungua kamba ya sigiri.

"Mama Daniella, unisamehe," alisema. "Nilikuhukumu bila kuangalia nyuma ya bomba."

Candiru naye akapiga magoti mbele ya Mama Daniella. Maneno yote aliyoyapanga yalimpotea, likabaki moja tu. "Nisamehe."

Mama Daniella alimwinua. Alipoanza kusema, watu wote walisikiliza.

"Bomba ni kitu ya dukani, Candiru. Imeharibika, fundi ameweka ingine. Hata sigiri ningepata pahali pa kuiweka. Lakini jana usiku nililala nikijiuliza: kama nimemwaga makaa na sikuona, kesho nitamwaga wapi? Nitachoma nyumba ya watu? Nitachoma mtoto wangu? Nilianza kuogopa mikono yangu mwenyewe. Ukinyamaza na kosa lako, mwenzako analibeba, na mwishowe anaanza kuamini ni lake. Kama hujui kitu, uliza. Kama umefanya kitu, sema. Usimwache mutu katika giza ambayo wewe una taa yake."

Kisha akawasha makaa, akamimina mafuta, akakanda unga. Hakuitazama tena mikono yake.